SOMO: Kuchanganya ORS nyumbani bila kukadiria

Wakuu, kila msimu wa mvua swali ni lile lile: "Mtoto anaharisha, ORS nachanganyaje?" ORS ni unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, wa kurudisha maji mwilini. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Chemsha maji, yaache yapoe.

3. Pima maji. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Soma pakti: zipo za lita moja, zipo za nusu lita. Mimina pakti NZIMA kwenye kiasi kilichoandikwa. Usigawe unga kwa macho kwenye kikombe ili "usiishe haraka". Chumvi ikizidi inakolea kwenye damu, na ubongo una sehemu inayoipima damu hiyo, haipothalamasi. Ikikolea hata kwa asilimia 1 au 2 tu, kiu inaamka. Basi mtoto anadaka kikombe na kugugumia, nanyi mnafurahi kwamba dawa ameipenda, kumbe mnamzidishia chumvi. Inaweza kumfikisha kwenye degedege. Maji yakizidi nayo, dawa inapungua nguvu.

4. Onja. Isizidi chumvi ya machozi.

5. Kila akiharisha: chini ya miaka 2 mililita 50 hadi 100, zaidi ya hapo 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, endelea kijiko kwa kijiko. Kunyonya kusisimame.

6. Saa 24 zikipita, mwaga.

Huna pakti? Maji lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kwangua juu ya kijiko kwa kisu, kisiwe na kilima.

Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikarudi polepole, akilegea, akishindwa kunywa au kinyesi kikiwa na damu: hospitali, sasa hivi.

MASWALI

– Mkuu sijasoma yote, pakti moja vikombe vingapi?
– Namba 3.
– Ila kikombe changu kikubwa.
– Ndiyo maana nimeandika lita.

– Samahani, sukari ya nini? Si itazidisha kuharisha?
– Swali zuri hili. Utumbo mwembamba una milango inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja, maji yanafuata nyuma. Hata kipindupindu hakiifungi. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi Bangaon, India, dripu zilipoelekea kuisha Dk. Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa namna hii; vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Sukari ikizidi mno ndiyo inavuta maji kurudi utumboni, kwa hiyo soda hapana.

– Mama mkwe anasema dafu linatosha.
– Mwambie shikamoo yangu. Dafu lina potasiamu nyingi, sodiamu (ile ya kwenye chumvi) kidogo. Anywe, lakini ORS iwepo.

– Umesahau zinki, kaka. Siku 10 hadi 14, hata akiacha kuharisha.
– Kweli, asante dada. Kidonge cha miligramu 20 kwa siku. Chini ya miezi 6, nusu yake.
– Kinayeyuka kwenye kijiko chenye maziwa ya mama, wala hatemi.