Somo: Bei ya mkungu na bei ya sahani

Somo hili ni la wenye hoteli ndogo wanaonunua kwenye masoko ya Kampala kama Kalerwe, Nakasero au Owino, au wanaoletewa mzigo mlangoni. Wengi wetu tunabishana bei ya mzigo hadi jasho linatutoka, ila hatujui chakula kilichofika kwenye sahani kimetugharimu shilingi ngapi.

Hatua ya 1: Pima kwanza. Nunua mizani ya kuning'iniza. Matoke (ndizi za kupika) huuzwa kwa mkungu, na mkungu hukadiriwa kwa macho. Tuseme mkungu wa 25,000 una kilo 20. Ukimenya na kutoa kigogo cha katikati, zimebaki kilo 11. Kila kilo inayoingia sufuriani ni karibu 2,270. Mkungu wa 18,000 unaonekana rahisi, lakini una kilo 13, ndizi zake nyembamba, maganda mengi. Ukibakiwa na kilo 6 na nusu, kila kilo ni karibu 2,770. Huo rahisi ndio ghali. Fanya vivyo hivyo kwa samaki, nyama ya mifupa, hata maharage, maana mawe na mbovu navyo umevilipia. Inachosha, ndiyo, lakini ukishapima siku chache una hesabu ya kuzungumza nayo sokoni.

Hatua ya 2: Fuata msimu. Maharage na mahindi huvunwa katikati ya mwaka na tena kuelekea mwisho wa mwaka. Hapo ndipo pa kununua magunia, kama stoo yako ni kavu. Mahindi yenye unyevu hushika sumukuvu. Shule zikikaribia kufunguliwa, wanunuzi wao huzoa posho (unga wa ugali) na maharage, nawe utalipa bei yao.

Hatua ya 3: Kuwa na wauzaji wawili kwa kila bidhaa kubwa. Mmoja mpe sehemu kubwa, wa pili mnunulie kidogo kila wiki ili asikusahau. Usimtumie wa pili kumtishia wa kwanza, sokoni wanajuana.

Hatua ya 4: Andikeni kwenye daftari. Bei inadumu hadi lini, nyanya zilizopondeka ni za nani, na mkilipana kwa simu, ada ya kutoa pesa anabeba nani? Serikali nayo hukata asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa, kwa hiyo msipokubaliana mapema mtagombana kila Ijumaa. Kisha lipa siku uliyoahidi. Kwa maoni yangu hili lina nguvu kuliko kubembeleza bei: anayelipwa kwa wakati hukuwekea nyanya za juu ya sanduku, mkopaji hupewa za chini.

Hatua ya 5: Bei ya mteja. Kwetu mteja hulipia mchuzi (nyama, samaki au maharage), na vyakula vya kushibisha kama matoke na posho huja mchanganyiko. Matoke yakipanda, punguza matoke na ongeza posho au viazi vitamu. Mchuzi usiuguse, kipande cha nyama kikipungua mteja ataona kabla hujaweka sahani mezani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbale): Dada, muuzaji ameniongezea VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 kwenye nyanya na matoke. Ni sawa?
Jibu: Si sawa. Mazao ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT Uganda. Mwombe risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi), uone kama atarudia hadithi hiyo. Soda ni habari nyingine.

Swali (Jinja): Kuna kijana analeta ngege (sato) wadogo kwa nusu ya bei. Nichukue?
Jibu: Hapana, kaka. Ngege chini ya inchi 11 na sangara chini ya inchi 20 ni samaki wachanga, ni kosa kuwauza. Tena wapime: kichwa na miba tu.

Swali (Arua): Anayeniletea nyama ni shemeji yangu, na kilo huwa pungufu. Nitatoaje mizani mbele yake?
Jibu: Usiitoe, iwe imetundikwa hapo mlangoni siku zote, na mpishi apime mzigo wa kila mtu, hata ule uliobeba mwenyewe kutoka sokoni. Shemeji akifika atakuta ndio utaratibu wa nyumba. Mlipe kilo zilizosomeka, na za nyama ya sikukuu mtajuana nyumbani.