Tuta la Kwanza la Mboga katika Udongo wa Kichanga

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayeishi Dar es Salaam au kwingineko pwani, mwenye kipande kidogo cha ardhi uani na ambaye hajawahi kulima mboga. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji wala rutuba, hivyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya kupanda.

Hatua ya kwanza. Chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku, mbali na shimo la choo na mizizi ya miti mikubwa. Pima tuta moja tu, lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo uliolainishwa.

Hatua ya pili. Tifua kwa kina cha sentimita 30 na uondoe ndago pamoja na viazi vyake, kwa maana vikibaki vitachipua tena. Penye mfinyanzi tuta huinuliwa ili maji yasituame, lakini penye kichanga lididimize kiasi cha sentimita 10 chini ya njia ili maji yabaki kwenye mizizi. Kisha changanya debe moja la samadi kwa kila mita ya mraba. Hapa naomba uwe mwangalifu sana: samadi iliyoiva haina joto wala harufu kali, na ukiishika huvunjika kama udongo mweusi. Mwaka wangu wa kwanza nilitumia samadi ya kuku ambayo haijaoza, na miche yote ikaungua katika siku chache. Mwagilia tuta kwa wiki mbili bila kupanda chochote, uking'oa magugu yanayojitokeza.

Hatua ya tatu. Nusu ya tuta sia mchicha, ukichanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisisongamane, katika mistari iliyoachana sentimita 20, na uzifunike kwa udongo mwembamba sana. Nusu nyingine pandikiza miche ya sukuma wiki, wakati wa jioni, kwa nafasi ya sentimita 45. Nyanya ziache kwa sasa, kwa sababu kantangaze, mdudu ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya, humshinda hata mkulima mzoefu.

Hatua ya nne. Mwagilia asubuhi na jioni hadi miche ishike, na utandaze majani makavu kuizunguka, bila kugusa mashina. Kagua upande wa chini wa majani kila siku. Vidukari, yaani wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu, wakiwa wachache, waponde kwa vidole.

Mchicha huwa tayari kung'olewa baada ya wiki tatu hadi nne. Sukuma wiki chuma majani ya chini kwanza, ukibakiza matano au sita ya juu ili mmea uendelee kukua.