Kabla hujawasha sprei draya, angalia haya kwanza

Wengi wakianza kutumia sprei draya, yaani mashine ya kukausha majimaji yawe unga kwa hewa ya moto, macho yote yapo kwenye joto la hewa inayoingia, wanaseti nyuzi 180 wanasubiri unga, kumbe namba ya kuangalia sana ni ya hewa inayotoka. Joto la kuingia unaliweka wewe, la kutoka linatokana na hilo uliloweka, na hewa ya feni, na kasi ya pampu inayoingiza majimaji, vyote kwa pamoja. Kwahiyo amua mapema unataka itoke na nyuzi ngapi, bidhaa nyingi za chakula ni kama 70 hadi 100, halafu pampu ndo itakusaidia kuishikilia hapo. Ukiongeza kasi ya pampu joto la kutoka linashuka na unga unabaki na unyevu, ukipunguza linapanda.

Majimaji yenyewe pima yabisi yake kwanza, yaani kile kinachobaki maji yakiondoka. Maziwa kwa mfano hupunguzwa maji kwenye evaporeta (mashine ya kuchemsha ili maji yaondoke kama mvuke) mpaka yabisi ifike asilimia 45 hadi 50 hivi ndo yanaingia draya, sababu kutoa maji kwa hewa ya moto kunakula nishati nyingi zaidi. Ila yakiwa mazito kupita kiasi atomaiza (kifaa cha kuyapasua kuwa matone, iwe gurudumu linalozunguka au nozeli, tundu dogo la kupulizia) haiyapasui vizuri, matone yanakuwa makubwa na yanafika ukutani bado mabichi. Na yachuje tafadhali, punje moja tu inaziba nozeli.

Kama unakausha juisi ya matunda hapa tulia, maana ndo watu wanapoteza mzigo. Sukari ikishakauka inakuwa ngumu kama kioo lakini kila sukari ina joto lake la kuanza kulainika, sukrosi ni karibu nyuzi 62, glukosi 31, fruktosi 5 tu, na unyevu ukibaki ndani linashuka zaidi. Sasa hewa inatoka kwenye chemba ya kukaushia na nyuzi 80, unategemea sukari isinate vipi? Ndo maana maltodekstrini (unga unaotengenezwa kutokana na wanga) inachanganywa kabla, inapandisha hilo joto la kulainika. Na ukikuta unga umeganda ukutani usikimbilie kuongeza moto, zima, acha ipoe kidogo, bandua kipande ukiangalie. Kikiwa kibichi kama uji mzito na kipo usawa wa nozeli, matone hayakukauka, punguza pampu. Kikiwa kikavu ila kinavutika kikiwa cha moto halafu kikipoa kinavunjika, hiyo ni sukari imelainika na moto ukiongeza unazidisha tatizo, shusha joto la kutoka au ongeza maltodekstrini.

Hali ya hewa nayo usiidharau, siku za mvua hewa inaingia tayari imebeba maji, unakuta seti ni zilezile za jana lakini unga una unyevu zaidi.

Atomaiza ikizunguka kasi sana, au presha ya nozeli ikiwa juu, matone yanakuwa madogo, yanakauka haraka lakini unga mwembamba sana unapita saikloni (chombo cha kutenganisha unga na hewa) na kutoka na hewa. Na joto la kuingia likiwa kubwa sana chembe zinavimba na kubaki na uwazi ndani, unga unakuwa mwepesi, mfuko uliokuwa unatosha kilo zako hautoshi tena.

Kuanza, anza na maji matupu mpaka joto la kutoka litulie ndo uhamie kwenye mzigo, kumaliza rudi kwenye maji. Usiache hita inawaka na pampu imesimama, joto la kutoka linapanda na unga uliobaki ndani unaungua. Hili naliomba kwa dhati, unga mkavu ukiwa hewani unaweza kulipuka, toa mabaki ya zamani yote, hakikisha waya wa ethi umefungwa na milango ya kutolea mlipuko haijazibwa na kitu.

Katikati ya kazi badilisha kitu kimoja tu halafu subiri namba zitulie, ukigusa pampu na hita pamoja hutajua kipi kimeleta nini. Vyombo vya kupokelea viwe vikavu na vyenye mfuniko, unga upoe kwanza ndo ufunge, sababu ukiufunga wa moto unagandamana humohumo mfukoni.