Jinsi ya kuomba kibali cha utafiti wa tabianchi Pemba ukiwa mwanafunzi wa chuo

Tafiti nyingi za wanafunzi kuhusu tabianchi hufia maktabani kwa sababu mwenyewe alipita afisini kutafuta muhuri, kisha hakuonekana tena. Ninaandika kwa anayetaka matokeo yake yaingie kwenye mpango wa halmashauri. Njia hiyo huanzia kwenye barua ya kuomba.

Kabla ya karatasi, nenda shamba. Mara ya kwanza nilifika Micheweni na andiko la kupima mabadiliko ya joto. Mama mmoja mkulima wa mpunga akanishika mkono hadi kwenye jaluba lake lililo karibu na mikoko. Akainama, akayapangua majani kwa vidole, akanionesha utando mweupe wa chumvi juu ya udongo. "Mwanangu, maji ya bamvua siku hizi yanafika hapa." Bamvua ni maji makubwa ya bahari yanayojaa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mada niliibadilisha siku ile ile.

Ukishakuwa na swali, omba barua ya utambulisho chuoni. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), anzia kwa msimamizi wako. Barua itaje jina lako, namba ya usajili, mada, muda wa kazi na shehia moja moja utakazoingia (shehia ni eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha). Hili la shehia usilipuuze. Yangu iliandikwa "Pemba" tu, nikarudishwa niifanyie upya, na mpaka inakamilika bamvua mbili zilikuwa zimenipita bila kupima chochote.

Kibali chenyewe huombwa Afisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar. Andaa andiko la utafiti, barua ya chuo, dodoso lako kwa Kiswahili na nakala ya kitambulisho, kisha uliza afisini kama kuna fomu au ada ya wakati huo. Utafiti unaogusa afya za watu unahitaji pia idhini ya maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Mgeni aliyepata kibali cha utafiti wa Tanzania Bara kutoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) asidhani amemaliza, kwani Zanzibar ina utaratibu wake.

Kibali kikitoka, wengi hukimbilia kwa sheha wakaanza kazi. Pitia kwanza kwa mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri au baraza la mji: Micheweni ni Halmashauri ya Wilaya, na Wete, Chake Chake na Mkoani ni Mabaraza ya Miji. Barua yako kwa mkurugenzi ndiyo yenye uzito kuliko zote, basi iandike kwa utulivu. Mimi niliongeza aya hii:

"Naomba nikutanishwe na afisa mipango na afisa anayeshughulikia mazingira kabla ya kuanza kukusanya taarifa, ili nijue ni taarifa zipi zinahitajika katika mpango wa mwaka ujao. Nitawasilisha muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kabla ya mapendekezo ya bajeti kukamilishwa."

Kwa aya hiyo nilipata kikao cha nusu saa, na afisa akaniuliza jambo ambalo chuoni hakuna aliyeniuliza: tuta la kuzuia maji lianzie wapi na liishie wapi? Nikaongeza upimaji wa mita kwa mita kando ya bonde.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Muhtasari ukifika Juni, fungu limeshagawiwa. Muulize afisa mipango lini anafunga mapendekezo yake, uhesabu kurudi nyuma.

Nakala moja ipeleke kwenye idara inayosimamia mazingira, chini ya Afisi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, ukionesha kazi yako inagusa sehemu gani ya Mkakati wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Zanzibar wa 2014. Ukiwa umechunguza mwani, usiiache Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wamepata hasara kubwa ya kottonii (aina ya mwani) inayooza maji ya kina kifupi yakipata joto, na watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari wamejaribu pamoja nao kilimo cha maji ya kina zaidi kwa nyavu za mirija, yaani nyavu ndefu zinazojazwa mwani ndani. Kazi ya namna hiyo mpangaji anaweza kuitengea fedha, kwa kuwa imeshaonesha kifaa, mahali na mtu wa kukitumia.

Kwa sheha fika na nakala ya kibali, jitambulishe, na mwombe akuitie wakulima na wavuvi baada ya sala ya alasiri, si asubuhi wakiwa kazini. Wakati wa kurudisha matokeo, anza na hao hao. Baada ya hapo peleka muhtasari halmashauri, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uandike tarehe pembeni na jina la afisa aliyeupokea. Wiki mbili baadaye rudi na nakala hiyo mkononi, uulize umefika meza gani.