Kumtambua Sisimizi Mvunaji wa Stepi, Messor muticus: Kuanzia Tunduni Hadi Kwenye Jina

Ukitembea kwenye stepi za Ukraini, kusini mwa Urusi au Kazakhstan ukakuta tundu ardhini limezungukwa na duara la makapi ya nyasi, karibu kila mara umefika nyumbani kwa sisimizi wa jenasi Messor. Kuitambua jenasi ni kazi ya dakika chache. Spishi ni jambo jingine, na makosa mengi hufanyika kabla hadubini haijawashwa: mtu huokota sisimizi mmoja mkubwa, humtia kwenye kichupo kisicho na maelezo, kisha hutaka apewe jina. Sisimizi mmoja hatoshi. Spishi za kundi la Messor structor, ambamo Messor muticus yumo, hutambuliwa kwa kiota kizima, ndiyo maana mwongozo huu unaanzia shambani.

Tahadhari ya lugha kwanza: huyu si mchwa. Mchwa hana kiuno chembamba na yuko karibu zaidi na mende, ilhali sisimizi ni wa oda ya Hymenoptera, pamoja na nyuki na nyigu.

Vifaa

Vichupo vya mililita 2 vyenye mfuniko wa kuzungusha, ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, kibano chenye ncha laini, kifyonzio cha wadudu (kibomba cha kuwafyonza kwa mdomo), penseli, karatasi nene, kipimajoto, simu au kifaa cha GPS, na lenzi ya mkono ya mara 10. Nyumbani utahitaji hadubini ya kukuza mara 40 hadi 80 yenye mistari ya kupimia ndani ya lenzi, pini za chuma kisichoshika kutu namba 2 au 3, pembetatu za kadi na gundi inayoyeyuka kwa maji. Spiriti ya kuwashia moto usiitumie: viungio vyake vinaweza kuharibu DNA.

Hatua ya 1: Tafuta kiota kwa saa inayofaa

Messor hula mbegu. Wafanyakazi hutoka kwa misafara, huokota mbegu za nyasi na magugu, huzibeba hadi kwenye maghala ya chini ya ardhi, huzimenya, kisha makapi huyatupa nje. Duara hilo la makapi ndilo alama yako kuu.

Majira ya joto nenda asubuhi au alasiri jua likishapoa. Adhuhuri ardhi ikichoma, Messor hurudi ndani, na sisimizi weusi wenye miguu mirefu watakaobaki wakikimbia huku na huko ni wa jenasi nyingine, Cataglyphis. Kwenye stepi hizi mara nyingi ni Cataglyphis aenescens. Majira ya kuchipua mchana wote hufaa, tena ndipo kundi hili hurusha wenye mabawa. Ukiwakuta malkia na madume mlangoni, chukua wachache pia, maana thamani yao kwenye utambuzi ni kubwa. Siku moja baada ya mvua nayo ni nzuri: utaona mbegu zilizolowa zimeanikwa nje ya tundu zikauke, jambo ambalo huthibitisha kwamba ghala lipo.

Kwenye hifadhi, kama Askania-Nova iliyoko kusini mwa Ukraini, hakuna kukusanya bila kibali.

Hatua ya 2: Andika kabla ya kugusa

Ukishavuruga kiota, nusu ya habari imepotea. Andika kwanza viwianishi vyenye tarakimu tano baada ya nukta, mwinuko, tarehe na saa, halijoto ya uso wa ardhi, aina ya udongo, mimea iliyotawala, idadi ya matundu, upana wa duara la makapi na urefu wa msafara. Hesabu pia, kwa dakika kumi, wafanyakazi wangapi wameingia na mbegu na wangapi wameingia na vipande vya wadudu. Messor hula wadudu pia, ila mbegu ndizo nguzo ya maisha yao.

Piga picha ya tundu ukiweka rula pembeni. Picha isiyo na kipimo ni pambo tu.

Hatua ya 3: Kusanya mfululizo, si mmoja

Chukua wafanyakazi 15 hadi 20 wa kiota kimoja: wakubwa watano, wa kati watano, wadogo watano au zaidi. Wafanyakazi wa kundi hili hutofautiana sana, takriban milimita 4 hadi 9 kwa urefu, na kati ya mdogo na mkubwa kuna ngazi zote. Macho ya mkusanyaji huvutwa na wenye vichwa vikubwa, kwa hiyo wadogo inabidi uwatafute kwa makusudi, hasa karibu na tundu. Malkia mama aliye ndani ya kiota mwache. Kumchimbua ni kuua koloni kwa sababu ya kielelezo ambacho wafanyakazi na wenye mabawa wangekifidia.

Kutumia kifyonzio kwa Messor hakukudhuru, kwa sababu nusufamilia yao, Myrmicinae, hairushi asidi ya fomiki. Ukihamia kwenye kiota cha Formica, jenasi nyingine ya sisimizi, weka kifyonzio pembeni utumie kibano. Mvuke wa asidi yao huunguza koo.

Kichupo kimoja ni kwa kiota kimoja tu, bila kuchanganya hata kama matundu yako hatua tatu tu baina yake. Sisimizi wasizidi theluthi ya ujazo, na baada ya saa 24 badilisha ethanoli, kwa kuwa maji yaliyomo mwilini mwao huipunguza nguvu. Lebo iandikwe kwa penseli na kuingizwa ndani ya kichupo. Wino wa kalamu na wa printa nyingi huyeyuka, na lebo iliyobandikwa nje hubanduka.

Ethanoli kali hutunza DNA lakini hukaza viungo, na ukinyoosha miguu kwa nguvu itakatika. Ya asilimia 70 huacha mwili ukiwa laini, ila DNA huharibika taratibu. Ikikupasa uchague moja, chagua kali.

Hatua ya 4: Pandisha kwenye pini

Chagua watatu kwa kila kiota: mkubwa, wa kati, mdogo. Wakaushe kwa dakika chache juu ya karatasi ya shashi. Bandika kila mmoja kwenye ncha ya pembetatu ya kadi yenye urefu wa milimita 7 au 8, tone dogo la gundi likikaa chini ya mwili, kati ya vikonyo vya miguu ya kati na ya nyuma. Gundi ikizidi itapanda ubavuni na kufunika michirizi na nywele ambazo ndizo unazozitafuta. Ikitokea, lowesha kwa maji ya uvuguvugu uanze upya, usikwangue.

Pini moja, mdudu mmoja. Waliobaki wakae kwenye ethanoli, kwenye friza ya nyuzi −20 za Selsiasi kama ipo.

Hatua ya 5: Fika kwenye jenasi

Tandaza mwanga kwa kipande cha plastiki nyeupe kati ya taa na kielelezo. Mwanga mkali wa moja kwa moja hung'arisha kichwa na kuficha michirizi. Kisha fuata mpangilio huu.

Hesabu pingili za kiuno. Ikiwa moja, uko kwa Formica, Lasius, Camponotus, Proformica au Cataglyphis, na hapo mwongozo huu unaishia kwako. Zikiwa mbili, petioli na postpetioli, uko Myrmicinae.

Hesabu pingili za kipapasio. Mfanyakazi na malkia wa Messor wana 12, dume ana 13. Tazama ncha: Pheidole ana rungu wazi la pingili tatu, na wafanyakazi wake wako wa aina mbili zilizo mbalimbali, bila wa kati. Tetramorium, ambaye ndiye anayechanganywa zaidi na Messor wadogo, ana ukingo mkali ulioinuka mbele ya tundu la kipapasio. Aphaenogaster ana kichwa kirefu zaidi na wafanyakazi wake wanalingana kuliko hawa.

Kinachobaki, chenye mataya mazito, kichwa kipana cha karibu mraba kwa wakubwa, na ngazi zote za ukubwa katika kiota kimoja, ni Messor. Meno ya taya usiyategemee: wafanyakazi wazee huyamaliza kwa kupasua mbegu, na taya lenye meno likawa kama patasi.

Hatua ya 6: Fika kwenye kundi la structor

Hapa tazama kichwa chenye michirizi myembamba, iliyosongamana na isiyong'aa, rangi ya hudhurungi badala ya weusi mtupu, na nywele za chini ya kichwa ambazo hazijajipanga kuwa kikapu kamili cha kubebea mchanga kama ilivyo kwa baadhi ya Messor wa jangwani. Rangi iwe ushahidi wa mwisho, kwa sababu mfanyakazi aliyetoka kwenye hatua ya pupa karibuni huwa mpauko.

Hatua ya 7: Elewa kwa nini jina haliji kwa jicho

Mfaransa Latreille alimwelezea structor mwaka 1798 nchini Ufaransa, na William Nylander wa Finland akaeleza Myrmica mutica mwaka 1849. Baadaye wa stepi akamezwa ndani ya structor, na kwa miongo mingi karibu kila kitu kuanzia Ufaransa hadi Asia ya Kati kikabeba jina moja. Mwaka 2018 Steiner na wenzake waliunganisha vipimo vya mwili na DNA, wakaonyesha kwamba ndani ya jina hilo mna spishi tano: Messor structor, ibericus, muticus, mcarthuri na ponticus. Wa stepi za mashariki akarudishiwa jina lake.

Spishi hizi wafanyakazi wao wanafanana mno. Kinachotofautisha ni uwiano wa vipimo, na uwiano nao hubadilika kadiri mfanyakazi alivyo mkubwa: kichwa cha mfanyakazi mkubwa hupanuka kuliko mwili wake, huku vipapasio vikibaki nyuma. Ukilinganisha mkubwa wa kiota A na mdogo wa kiota B, utaona tofauti ambayo si ya spishi bali ya ukubwa wa mwili. Linganisha wenye upana wa kichwa unaokaribiana tu.

Pima upana wa kichwa nyuma ya macho, urefu wa kichwa, urefu wa shina la kipapasio (pingili yake ya kwanza iliyo ndefu) na urefu wa mesosoma (sehemu ya kati ya mwili inayobeba miguu) kwa ubavu. Kichwa kilazwe sawasawa, pembe mbili za nyuma na ukingo wa mbele zikionekana wazi kwa pamoja. Kikiinama kidogo tu, urefu unapungua na hesabu yote inaharibika. Pima mara tatu, ukitoa kielelezo na kukirudisha kila mara, uandike wastani.

Hatua ya 8: DNA, kwa uangalifu

Mguu mmoja unatosha. Kipande kinachosomwa kwa kawaida ni cha COI, jeni ya mitokondria (viungo vidogo vya nishati ndani ya seli), chenye herufi 658. Tatizo ni kwamba DNA ya mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Kwenye kundi hili hilo si jambo dogo: utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba malkia wa Messor ibericus huzaa madume wa spishi mbili, wa kwake na nakala za madume wa structor, na wafanyakazi wake wote ni machotara wa spishi hizo mbili. Dume wa structor aliyezaliwa hivyo hubeba mitokondria ya ibericus, na COI pekee itakudanganya. Ongeza jeni za kiini cha seli, na usome wafanyakazi wawili au watatu wa kila kiota.

Hatua ya 9: Andika jina

Ngazi ni hii: familia Formicidae, nusufamilia Myrmicinae, kabila Stenammini (vitabu vya kabla ya mpangilio mpya wa mwaka 2015 vitakuambia Pheidolini), jenasi Messor Forel, 1890. Spishi huandikwa Messor muticus (Nylander, 1849). Mabano yamo kwa sababu Nylander alimweka kwanza kwenye Myrmica. Na mutica ikawa muticus kwa kuwa Messor, neno la Kilatini lenye maana ya mvunaji, ni la jinsi ya kiume.

Kama una vipimo na jeni za kiini, andika jina kamili. Kama una vipimo vya mfululizo pamoja na mahali panapokubaliana, andika Messor cf. muticus, ambapo cf. humaanisha "linganisha na", yaani jina bado halijathibitika. Kama una mdudu mmoja au picha ya simu, andika Messor wa kundi la structor uishie hapo. Jina pungufu lililo sahihi hufaa kuliko jina kamili la kubahatisha, ambalo litanakiliwa kwenye ramani na kuwapotosha wengine kwa miaka.

Lebo ya kwanza kwenye pini ibebe nchi, mkoa, viwianishi, mwinuko, tarehe na namba ya kiota. Ya pili ibebe jina, mwaka wa utambuzi na aliyetambua. Namba ya kiota iwe ileile kwenye pini, kwenye kichupo, kwenye daftari na kwenye faili la DNA, ili atakayekuja kupinga jina lako aweze kurudi hadi tunduni.