SOMO: Envelopu yako ya 7555 imegoma? Soma hapa kabla ya kunitumia ujumbe

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Mkuu, ADSR yangu haifanyi kazi, tatizo nini?" Hakuna picha, hakuna kipimo hata kimoja. Naandika mara moja basi. Atakayeuliza kilichomo humu nitamjibu kwa namba ya hatua.

Kwa mpita njia: envelopu, au ADSR, ndiyo inayoiambia sinthesaiza sauti ipande kwa kasi gani ukibonyeza kitufe, ishuke hadi wapi, ikae hapo, kisha izime vipi ukiachia. Nazungumzia mzunguko ule mlioujenga wengi wenu: chipu (aisii) ya kupima muda ya 7555, swichi za elektroniki za 4066, kapasita ya mikrofaradi 1 inayojazwa na kumwagwa kupitia volyumu za mega 1, na bafa ya TL072, inayosoma volti ya kapasita bila kuimwaga. Umeme ni volti 12 chanya na volti 12 hasi.

Hatua 1. Pima umeme kwenye miguu ya aisii zenyewe, si kwenye pawa saplai.

Hatua 2. Grandi ya kibodi na grandi ya mzunguko ziunganishwe.

Hatua 3. Ukibonyeza, volti ya mguu wa 4 wa 7555 ipande. Ukiachia, irudi sifuri. Isiporudi, weka rezista ya kilo 100 kutoka hapo kwenda grandi.

Hatua 4. Mguu wa 2. Hapa nakaa kidogo, maana hapa niliunguza 7555 mbili kwa jioni moja. Mguu huu unataka kushtuliwa tu: ushuke chini ya theluthi ya umeme (volti 4) kwa muda mfupi sana, kisha urudi juu. Kazi hiyo inafanywa na transista ya BC547, kapasita ya nano 10 na rezista ya kilo 100 inayovuta kwenda volti 12. Mimi nilichomeka kapasita iliyoandikwa 105 nikidhani ni 103. 103 ni nano 10. 105 ni mikro 1, mara mia zaidi! Mshtuko uliotakiwa kuisha ndani ya nusu milisekunde ukachukua kama milisekunde 40. Na 7555 ina tabia yake: mguu wa 2 ukiwa chini, haisikilizi mguu wa 6, ule unaoiambia kilele kimefika. Kapasita ya muda (ile ya mikrofaradi 1) ilishajaa, lakini aisii inaendelea kusukuma juu. Besi yangu ikawa inalia kama mtu anayepiga mlango kwa kiganja.

Kilichoua aisii ni kingine. Ukiachia kitufe, transista inakata, na kapasita ile ya mshtuko inaurusha mguu wa 2 juu ya volti 12. Aisii za CMOS, kama 7555, hazivumilii hilo. Zinajifunga, zinachemka, basi. Weka dayodi ya 1N4148, upande wenye mstari kwenye volti 12, upande wa pili kwenye mguu wa 2. Msiniambie "yangu haina na inafanya kazi". Yangu nayo ilifanya kazi, kwa dakika ishirini.

Hatua 5. Kilele kiwe kama volti 8. Pima KWENYE BAFA, si kwenye kapasita. Mita ya dijitali kwa kawaida ni mzigo wa mega 10, inaimwaga kapasita huku unaipima. Ile ya mshale ndiyo mbaya kabisa.

Hatua 6. Inapanda hadi volti 6 au 7 kisha inaganda hapo, hasa volyumu ya A (ya mpando) ikiwa mwisho? Kapasita inavuja. Mikroampea 5 zikivuja kupitia mega 1 zinakula volti 5, kwa hiyo haitafika 8 hata ungoje mpaka kesho. Badilisha, weka ya filamu.

Marekebisho: ukitaka mpando wa polepole, weka swichi inayoongeza mikro 10 sambamba na ile ya 1. Kutoka sekunde 1 na kidogo utafika kama sekunde 12. Nunua mpya, isiyovuja.

MASWALI

Chuma_Moto: Mkuu yangu haitoi kitu kabisa, msaada tafadhali.

Mwandishi: Hatua 1.

Chuma_Moto: Nimefanya.

Mwandishi: Umepata volti ngapi?

Chuma_Moto: Sijapima, ila taa ya pawa saplai inawaka.

Mwandishi: Hatua 1.

Binti_Pwani: Shikamoo fundi. Kwa nini kilele ni 8 na si 12?

Mwandishi: Marahaba binti, swali zuri. Ndani ya aisii kuna rezista tatu zinazolingana, zinagawa umeme mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la mguu wa 2, mafungu mawili ni ya mguu wa 6. Theluthi mbili za 12 ni 8. Ukitumia betri ya 9, kilele ni 6. Watu husema jina 555 limetokana na rezista tatu za kilo 5 zilizomo kwenye ile ya zamani, lakini Hans Camenzind aliyeibuni alisema namba ilichaguliwa tu.

Binti_Pwani: Na mguu wa 5? Si unagusa hapo hapo kwenye rezista?

Mwandishi: Umefika kabla sijakuleta! Ukiupa volti 5, kilele kinakuwa 5 na mguu wa 2 unashtuka kwa 2.5. Ukiulisha volti kutoka sikwensa (kifaa kinachopiga noti kwa mpangilio), noti moja inalia kwa nguvu, nyingine kwa upole. Kilele kikishuka, mpando nao unakuwa mfupi, maana safari imepungua. Jaribu uniambie.

Kinanda_Bovu: Somo lina makosa. Bafa yangu ilikuwa LM358, sauti haizimi kabisa, inabaki ya kunong'ona. Nikaweka TL072 kama ulivyosema, sasa nikiachia kitufe inapiga kwa nguvu zote!

Mwandishi: Makosa yako wapi? Umeme wa volti 12 hasi unao?

Kinanda_Bovu: Hapana, natumia chanya tu. LM358 ilikubali.

Mwandishi: Nimeandika chanya na hasi, aya ya pili. TL072 ikikaribia umeme wake wa chini inageuka, tokeo linaruka juu. Sawa, sababu sikuieleza. Mnong'ono ule ni wa LM358: mguu wake wa ingizo unatoa kama nanoampea 45, kwenye mega 1 ni milivolti 45 zinazobaki. Weka volti 12 hasi, TL072 itanyamaza.

Mzee_wa_Redio: Akiweka 7912 (aisii ya kutoa volti 12 hasi) aangalie miguu. 7812 ya volti chanya huanza na ingizo, 7912 huanza na grandi. Niliwahi kuifunga kwa mazoea, ikatoa moshi.

Mwandishi: Asante mzee. Za filamu unazipata wapi siku hizi?

Mzee_wa_Redio: Kwenye bodi za TV za chogo zilizokufa. Za filamu chukua zote, zile za mikebe waachie wenye TV.

Chuma_Moto: Nimepima. Sifuri. Fyuzi.