Mzinga ukipungukiwa nyuki, uchunguze kwanza kabla ya kutafuta mchawi

Mfugaji anafungua mzinga uliojaa mwezi uliopita na kukuta nyuki waliobaki hawajazi konzi. Swali la kwanza ni nani kawaua, na jibu hutoka papo hapo: jirani kapiga dawa. Huenda ni kweli. Lakini nyuki hupotea kwa njia nyingi, na kila njia huacha alama yake. Asiyezisoma alama hizo atagombana na jirani bure, au atatibu ugonjwa ambao haupo.

Anza mlangoni pa mzinga. Ukikuta lundo la nyuki waliokufa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, wengi ndimi zimetoka nje, na walio hai wanatetemeka au kujizungusha chini bila kuweza kuruka, hiyo ni sumu. Wanaotambaa mbele ya mzinga wakiwa na mabawa yaliyokunjamana wameathiriwa na virusi vinavyoenezwa na utitiri wa varoa, mdudu mdogo anayemnyonya nyuki. Fungua ndani sasa. Nyuki waliokufa vichwa vimezama kwenye vyumba vya sega na matumbo yamebaki nje wamekufa njaa. Walikuwa wakilamba tone la mwisho.

Majana, yaani watoto wa nyuki walio vyumbani, nayo yana habari yake. Vifuniko vilivyobonyea, vyenye matundu, rangi imefifia kuwa kahawia na harufu ya kitu kilichooza, havitakiwi kuchukuliwa kwa mzaha. Ingiza njiti ya kiberiti kwenye chumba kimoja, ikoroge kidogo, uivute polepole. Ukifuatwa na uzi wa ute wa kahawia wenye urefu wa sentimita mbili au zaidi kabla haujakatika, huo huenda ni ugonjwa wa bakteria unaoozesha majana. Funga mzinga, usihamishe sega wala fremu kwenda kwenye mzinga mwingine, na mwite ofisa wa nyuki au wa mifugo. Vimelea vyake huishi kwenye mbao na vifaa kwa miongo, ndiyo maana mara nyingi mzinga ulioambukizwa huteketezwa kwa moto.

Kuna pia mzinga mtupu usio na maiti hata moja. Hapa wengi hukosea. Kundi lililohama kwa hiari, kwa sababu ya njaa, joto, sisimizi au usumbufu, hunywa asali kwanza na huondoka na malkia wake. Utakuta masega makavu. Kundi lililotoweka kwa namna iliyowatikisa wafugaji wa Marekani katika majira ya baridi ya 2006 na 2007 liliacha kila kitu: asali ipo, majana yapo, malkia yupo na nyuki wachache wachanga, ila vibarua (nyuki wafanyakazi) wakubwa hawaonekani ndani wala nje. Baadhi ya wafugaji waliripoti kupoteza kati ya asilimia 30 na 90 ya mizinga yao. Watafiti walisaka muuaji mmoja wasimpate. Walichokiona ni mchanganyiko: utitiri, virusi, vimelea vya tumboni, lishe duni, sumu za shambani, uchovu wa kusafirishwa mbali. Kila kimoja peke yake kundi lingeweza kukistahimili, ila si vyote kwa pamoja.

Wakati huohuo zilizuka hadithi nyingine. Minara ya simu ililaumiwa, ingawa hakuna ushahidi kwamba ndiyo iliyosababisha hasara hizo. Na kuna maneno yanayozungushwa kila mwaka kwamba Einstein alisema nyuki wakitoweka binadamu atabaki na miaka minne. Hakuna mahali panapojulikana alipoyasema, na hesabu yenyewe haikubali: ngano, mchele na mahindi havimtegemei nyuki. Tutakachokosa ni matunda, mboga, mbegu za mafuta na viungo. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2016 kuhusu wachavushaji ilieleza kwamba takriban robo tatu ya aina za mazao ya chakula hutegemea wanyama wachavushaji kwa kiasi fulani, na mazao hayo ni kama asilimia 35 ya uzito wa mavuno yote duniani. Hilo linatosha kutushtua bila kumsingizia marehemu.

Jambo lingine la kuwekwa sawa: kwa hesabu ya dunia nzima, mizinga inayofugwa haijapungua, imeongezeka katika miongo ya karibuni. Mfugaji akipoteza makundi huyagawa yaliyobaki na kujaza pengo, kwa gharama na kwa jasho. Wanaopungua bila mtu wa kujaza pengo lao ni nyuki wa porini. Nyuki wa asali ni aina chache tu kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki. Wengine hawana mzinga, hawana asali ya kuvunwa, na wakipotea hakuna anayepiga simu kwa ofisa.

Njaa

Kati ya sababu zote, mimi naipa njaa nafasi ya kwanza, ingawa haitajwi sana kwa kuwa haina mtu wa kulaumiwa. Shamba kubwa la zao moja humpa nyuki karamu ya wiki mbili tatu, kisha hakuna kitu. Palilia mipaka yote, piga dawa ya magugu hadi kwenye mtaro, ng'oa vichaka, na umeondoa chakula cha miezi iliyobaki. Halafu chavua si sawa zote. Ndiyo nyama na maharage ya nyuki (mbochi, yale maji matamu ya maua, ni sukari tu), na kundi linalokula chavua ya mmea mmoja hudhoofika kinga. Nyuki aliyeshiba chavua ya maua mchanganyiko hustahimili virusi na hata kiasi kidogo cha sumu kuliko mwenye njaa.

Kwa hiyo tengeneza kalenda ya maua ya eneo lako. Andika kila mwezi kinachochanua umbali wa kilomita mbili au tatu kutoka kwenye mizinga, kwa kuwa huko ndiko vibarua wengi hutafuta chakula. Mwezi utakaobaki mtupu kwenye karatasi ndio wa kushughulikia. Panda mti au kichaka kinachochanua wakati huo, au acha sehemu ya mboga za majani na giligilani zichanue badala ya kung'oa zote. Mipaka ya shamba iachwe na maua yake.

Wakati wa mavuno usikombe. Acha masega kadhaa ya asali yaliyo karibu na majana. Ikibidi kulisha, tumia sukari nyeupe na maji safi: uzito sawa kwa sawa ukitaka kuwachangamsha waongeze majana, au sukari mara mbili ya maji wakiwa wanahitaji akiba. Sukari guru na molasi huwaharisha. Asali ya dukani au ya mzinga usioujua usiwape, maana huenda imebeba vimelea vya ule ugonjwa wa majana. Lisha jioni, ndani ya mzinga. Sharubati ikimwagika nje mchana, makundi jirani yatakuja kupora na vita itakuwa kubwa.

Dawa za shambani

Mara nyingi mkulima anamwona nyuki kama mali ya mwenye mzinga. Atazame tikiti lililopinda, nene upande mmoja na limesinyaa upande mwingine. Mara nyingi tunda hilo halikupata chavua ya kutosha: upande uliosinyaa ndio ulio na mbegu ambazo hazikurutubishwa. Ua la tikiti hufunguka siku moja tu. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufikia mchana limeshajifunga. Ukipiga dawa saa mbili asubuhi umewaua wafanyakazi wako wakiwa kazini.

Kanuni ninayoiweka juu ya nyingine zote ni hii: usipulizie kiuadudu juu ya maua yaliyofunguka. Kama hakuna namna, fanya hivyo jioni nyuki wakisharudi, ili dawa ipate usiku mzima wa kukauka, na uchague ile ambayo makali yake kwa nyuki hupungua kwa saa chache. Lebo husema, tatizo ni kwamba wengi husoma kipimo tu na kuacha sehemu ya tahadhari. Dawa za vumbi na unga ni hatari zaidi kuliko za maji, kwa kuwa hunasa kwenye manyoya ya nyuki pamoja na chavua na kupelekwa nyumbani kulishwa majana.

Angalia chini pia. Mkulima wa matunda anasema miti yake haijachanua, kumbe magugu chini yake ni maua matupu na yamejaa nyuki. Yafyeke kabla ya kupulizia.

Kuchanganya dawa kwenye bomba moja ili kuokoa muda ni kosa lingine. Baadhi ya dawa za ukungu, ambazo peke yake hazimdhuru sana nyuki, humzuia kuvunja sumu mwilini, na kiuadudu kilichochanganywa nazo huwa kikali mara nyingi zaidi.

Kuna kundi la viuadudu viitwavyo neonikotinoidi, ambavyo hupakwa kwenye mbegu au kumwagwa kwenye udongo, kisha mmea huvifyonza hadi kwenye chavua na mbochi. Nyuki hafi hapo hapo kila mara. Hupotea njia, husahau, hushindwa kurudi. Ndiyo sababu hutaona lundo mlangoni. Mwaka 2008 huko Ujerumani, vumbi lililotoka kwenye mbegu za mahindi zilizopakwa klothianidini, mojawapo ya dawa hizo, wakati wa kupanda liliangukia maua ya jirani na kudhuru maelfu ya makundi ya nyuki. Umoja wa Ulaya uliwekea vikwazo dawa tatu za kundi hilo mwaka 2013, na mwaka 2018 ukazipiga marufuku kwenye mashamba ya wazi. Kwingine bado zinauzwa. Ukinunua mbegu za rangi, uliza zimepakwa nini.

Mwenye shamba ampe mwenye mizinga taarifa siku mbili kabla. Mwenye mizinga naye asikae kimya hadi nyuki wafe ndipo aje na mayowe. Apite kwa majirani mapema, aonyeshe mizinga ilipo, aache namba ya simu. Siku ya kupulizia atandike gunia lenye unyevu juu ya mlango, asubuhi hadi dawa ikauke, akihakikisha hewa inapita; joto nalo huua. Na maji ya kusuuzia bomba yasimwagwe kwenye dimbwi. Nyuki hunywa hapo.

Utitiri wa varoa

Mdudu huyu mwekundu wa kahawia, bapa, anayeonekana kwa macho, alitoka kwa nyuki wa asali wa Asia na kuhamia kwa nyuki wa asali wa Ulaya na Afrika katika karne ya 20. Jike huingia kwenye chumba cha jana muda mfupi kabla hakijafunikwa, akataga humo, na watoto wake hunyonya mwili wa nyuki anayekua. Hupendelea majana ya madume kwa kuwa hukaa ndani ya kifuniko muda mrefu zaidi: dume hutoka siku ya 24, kibarua siku ya 21.

Kupima ni rahisi. Chukua fremu yenye majana, hakikisha malkia hayupo juu yake, kisha kung'uta nyuki wa kujaza nusu kikombe, yaani kama 300, ndani ya chupa yenye kifuniko cha wavu. Weka vijiko viwili vya sukari laini ya unga, zungusha taratibu hadi nyuki wote wawe weupe, subiri dakika mbili, kisha kung'uta sukari kwenye sahani nyeupe yenye maji. Sukari itayeyuka, utitiri watabaki. Hesabu. Wakifika tisa au zaidi kwa nyuki hao 300, hatua inahitajika. Nyuki warudishwe ndani, wenzao watawalamba.

Hatua ya kwanza si lazima iwe dawa. Kata sega la madume lililofunikwa kabla hawajatoka, uliondoe na utitiri wake. Ukitumia dawa, iwe iliyosajiliwa kwa nyuki, na usirudie aina moja kila msimu, maana utitiri wamekwisha kuzoea baadhi ya dawa. Asidi ya oksaliki, mojawapo ya dawa za utitiri, haipenyi vifuniko vya majana, hivyo hufaa pale tu ambapo majana ni machache au hayapo.

Nyuki wa Kiafrika wana unafuu. Utitiri alionekana Afrika Kusini mwaka 1997 na Afrika Mashariki mwaka 2009, lakini nyuki wa huko husafishana, hutupa majana yaliyoshambuliwa, na huhamahama, hivyo kwa ujumla wamestahimili bila dawa. Kuwatibu kwa mazoea kutawalinda wale dhaifu wazaane. Pima, acha wenye nguvu wajitegemee, na gawa makundi kutoka kwao.

Masega makuukuu yaliyokuwa meusi yaondolewe kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa sababu nta hutunza mabaki ya dawa na vimelea. Kundi dogo lisiachwe kwenye mzinga mkubwa. Nondo wa nta hujua pa kuingilia.

Nyuki wasio na mzinga

Nyanya na biringanya hushika chavua yake ndani ya vifuko vinavyohitaji kutikiswa, na nyuki wa asali hawezi kazi hiyo. Huifanya nyuki wanene wenye manyoya na wale weusi wanaotoboa mbao. Wengi wa nyuki wa porini hujenga chini ya ardhi, kila jike na shimo lake, jembamba kama kalamu. Waachie ukanda wa udongo usiolimwa pembeni, palipo kavu na penye jua, na gogo kavu moja mawili mpakani. Kama unalima kwa trekta, ziba ukanda huo kwa vigingi ili dereva asipite: plau ikizama pale, watoto wa msimu ujao wamekwisha.